Babu Yangu Yuko Kwenye Kengele ya Mlango, Stuttgart

Haya, wazee wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo? Mnaona mvuke unavyonitoka mdomoni? Baridi ya leo si ya mchezo, lakini nimetoka nje makusudi kwa ajili ya kengele. Siyo ile ya chini ya video ninayowasumbua kila wiki mbonyeze. Hii ya mlangoni.

Jengo letu lina nyumba 14 na hakuna hata moja yenye namba. Ujerumani ndivyo ilivyo. Pale mlango mkubwa kuna ubao wa kengele, na kila kengele ina jina la ukoo pembeni yake. Tarishi hatafuti ghorofa, anatafuta jina, na asipolikuta barua inarudi ilikotoka. Sigeuzi kamera, kwa sababu Wajerumani na faragha yao, ukimwonyesha mtu hata pazia lake ni kesi. Ila kuna majina yamejaa nchi nzima, nikiwatajia hayo sijamtaja mtu: Müller, Schmidt, Schneider, Schulz, Klein. Na kule juu kabisa, ghorofa ya nne, kuna Shomari.

Shomari siyo mimi. Shomari ni babu yangu, mvuvi wa Pangani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvaa soksi. Kwenye pasipoti yangu kuna jina langu, la baba, na la mwisho la babu, kama ninyi wote. Hapa wakaona la mwisho, wakasema hilo ndilo la ukoo. Kwa hiyo bili ya umeme anatumiwa babu. Faini ya kupanda treni bila tiketi, babu. Na kila barua inaanza na "Frau Shomari". Sasa hilo Frau, kwa Kiswahili chetu cha Pangani, Bibi Shomari ni mke wa Shomari. Yaani wananiita nyanya yangu!

Siku ya kwanza kwenye ofisi moja ya serikali, dada wa dirishani aliniuliza, "Hili ni jina la familia?" Nikamwambia ni la babu. "Na babu yako, familia yake inaitwaje?" Nikamtajia jina la baba yake babu. Akaweka kalamu chini. Akaniangalia, akaangalia kompyuta, akaniangalia tena. Tungeweza kwenda hivyo hadi kwa Nabii Adamu.

Kilichonishangaza, nilipoanza kuyachimba haya majina, ni kwamba wenzetu walikuwa hivi hivi. Kule kaskazini, pwani ya Frisia, mtoto wa Peter aliitwa Peters, mtoto wake akachukua jina la baba yake, na wa chini yake hivyo hivyo, kila kizazi jina jipya. Mpaka Napoleon alipowaingilia na amri yake ya mwaka 1811: kila mtu achague jina moja, alishike yeye na watoto wake na wajukuu. Ndiyo maana pwani ile imejaa akina Peters na Janssen. Ni babu zao waliogandishwa, kama babu yangu alivyogandishwa na yule dada wa dirishani.

Sasa naomba ufungue simu yako, kwenye majina. Usinidanganye, nazijua simu zenu. Kuna Juma Fundi Bomba. Kuna Asha wa Tabata. Kuna Rama wa Mzee Kondo, kuna Hamisi Mrefu, na yupo Salum Kipara ambaye akijua umemwandika hivyo mtagombana. Kwa nini umewaandika hivyo? Kwa sababu akina Juma ni tisa. Basi Uingereza ya zama zile ilikuwa simu yako. Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka mwaka 1066 walikuja na majina yao, William, Robert, Richard, na baadaye John naye akaenea kama moto wa nyika. Kijiji kizima majina manne matano. Ukiita John pale kisimani wanageuka saba. Kwa hiyo huyu John mhunzi, John Smith. Yule anakaa kilimani, John Hill. Mwingine baba yake Robert, huyo Robertson. Mwingine kijeba, John Short. Yameisha.

Lakini uswahilini Salum Kipara akifa, upara anakufa nao. Kule alikuja mtu wa kodi. Mwaka 1377 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kichwa, ikairudia 1379, na tena 1381. Kodi ya kichwa babu zetu wanaijua vizuri, msiniambie. Ukitaka kumtoza mtu lazima umwandike, na ukimwandika John peke yake anakukimbia, atakwambia siyo mimi, ni yule. Daftari linataka jina la pili, na mwakani linamtaka na lile lile. Ile ya 1381 wananchi walichoka wakaingia barabarani hadi London, na kiongozi wao aliitwa Wat Tyler. Tyler ni fundi wa vigae vya kuezekea.

Turudi ubaoni. Müller, jina linaloongoza kwa wingi Ujerumani nzima, ni mwenye mashine ya kusaga. Schmidt, na Smith anayeongoza kule Uingereza, ni mhunzi. Utajiuliza, kwani walikuwa wahunzi watupu? Hapana, ni kinyume chake. Mhunzi kijijini alikuwa mmoja, na kinu cha maji kimoja, tena mara nyingi cha bwana mwenye ardhi na wakulima wamelazimishwa kusaga pale pale. Ukisema Hans wa mashineni kila mtu anamjua. Ukisema Hans mkulima, utakuwa umesema nini, na kijiji chote wanalima?

Schneider ni fundi nguo, sawa na Taylor wa Kiingereza, na yote mawili maana yake halisi ni mkataji. Moja limetoka kwenye Kijerumani cha kukata, jingine kwenye Kifaransa cha kukata. Muulize fundi yeyote wa Kariakoo atakwambia: kushona anashona kila mtu, kazi ipo kwenye mkasi.

Schulz ndilo nalipenda mimi. Limefupishwa kutoka Schultheiß, yaani yule anayewaambia watu madeni yao wanayopaswa kulipa. Alikuwa mkuu wa kijiji, anamkusanyia bwana ushuru na kuamua ugomvi mdogo mdogo. Wazee wa Tanganyika hapo mmeshamjua: huyo ni jumbe! Na Scholz ni jina hilo hilo kwa matamshi mengine, kwa hiyo yule kansela wao wa zamani, yaani mkuu wa serikali, Olaf Scholz, alikuwa Mheshimiwa Jumbe.

Kwenye majina ya utani ndipo utacheka. Klein ni mdogo. Krause ni mwenye nywele za kujisokota, ningezaliwa hapa zamani lingekuwa langu. Mnamkumbuka Philipp Lahm, nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 2014? Lahm maana yake kiguru. Babu wa babu yake alichechemea, miaka mamia ikapita, mjukuu akawa beki anayepanda na kushuka dakika 90. Halafu kuna majina ambayo ni sentensi kabisa. Hebestreit: anzisha ugomvi. Schluckebier: meza bia. Waingereza nao wana Drinkwater, kunywa maji, na Shakespeare, tikisa mkuki. Msiwacheke sana, na sisi tuna mlalahoi na zimamoto.

Sasa Kyle Walker, yule beki mwenye mbio. Najua mlishatania, mtu anaitwa Mtembeaji halafu hakamatiki. Lakini Walker hakuwa mtu wa matembezi. Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji kinakuwa kimelegea na kina mafuta ya kondoo. Kinawekwa kwenye pipa au birika, kinamwagiwa maji na mkojo uliochacha, ndiyo, mkojo, wa binadamu, ndio uliokata yale mafuta. Halafu mtu anavua viatu, anapandisha nguo magotini, anaingia kukanyaga. Anakanyaga mpaka nyuzi zishikane. Huyo mkanyagaji kaskazini mwa Uingereza aliitwa Walker, kusini mashariki Fuller, kusini magharibi Tucker. Kwa hiyo ukikutana na mmoja wao unaweza kukisia mababu zake walikuwa wakikanyagia mkojo upande gani.

Na majina haya yalifika hadi kwetu. Mnamo 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai karibu na Mombasa, aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika Ulaya wakambishia. Huyu alizaliwa Gerlingen, kutoka hapa nilipo ni pua na mdomo. Rebmann ni mtu wa mizabibu, na nikigeuka mnaona vilima vile nyuma yangu? Mizabibu mitupu, ndani ya jiji, kama uko Dodoma lakini na jaketi. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, jina lake ni msimamizi wa shamba la bwana, nyapara.

Mwenzake Rebmann pale Rabai alikuwa Ludwig Krapf, yule aliyetuandikia kamusi ya Kiswahili iliyotoka 1882. Krapf asili yake ni kulabu, ndoano. Lakini neno hilo hilo ndilo lililozaa Krapfen, na Krapfen ukienda München unazikuta dukani zimepangwa kwenye sinia: mviringo, zimekaangwa kwenye mafuta, sukari juu. Nilinunua mbili nikazila nimesimama. Jamani, ni andazi! Lina jamu ndani, lakini ni andazi. Mzee wa kamusi aliitwa Ndoano, au Andazi, na mimi kama mjukuu wa mvuvi naachia ndoano, nachukua...

Ngojeni. Huyu hapa mtu wa vifurushi, ameweka kidole kwenye ubao anatafuta jina. Anapanda nalo, anapanda... ghorofa ya nne. "Shomari?" Ndiyo, ndiyo, ni mimi! Jamani nasaini nakuja. Babu kaletewa viatu vya baridi.