Kikombe cha Samunge: Nani Angesema Hapana?

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo tunarudi Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kwa Babu wa kikombe cha dawa. Na Kaka Eli nakuonya mapema, sitaki ubishi wa dawa iliponya au haikuponya.

ELISANTE: Sasa hapo umeninyang'anya kipindi kizima!

MWANAIDI: (anacheka) Kimebaki kikubwa zaidi. Samunge ni kijiji cha Wasonjo, wilaya ya Ngorongoro. Babu mwenyewe ni Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, aliyesema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa mugariga. Alichemsha mizizi, akatoa kikombe kimoja, shilingi 500. Machi 2011 vyombo vya habari vikataja foleni ya magari ya kilomita 26.

ELISANTE: Na barabara yenyewe ile! Unapita Mto wa Mbu, unaambaa na Ziwa Natron, vumbi mpaka kwenye meno. Wagonjwa wengine walitolewa wodini wakapakiwa kwenye magari ya Noah.

MWANAIDI: Zaidi ya watu 50 waliripotiwa kufa wakisubiri. Babu mwenyewe akaomba watu wasije kwa siku kadhaa, foleni ipungue. Serikali ilikuwa na kila sababu ya kusimamisha shughuli. Lakini kikombe kiliendelea.

ELISANTE: Dada, ungesimamishaje? Mawaziri walikwenda. Wabunge walikwenda. Wengine kwa helikopta, wakapigwa picha kikombe kikiwa mdomoni. Ukishanywa mbele ya kamera, kesho utasaini amri ya kufunga?

MWANAIDI: Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Sharti la Babu lilikuwa kwamba kikombe ni cha Samunge tu, kutoka mkononi mwake. Huwezi kumtuma dereva akuletee dumu. Kwa hiyo mkubwa, ambaye maisha yake yote anafuatwa ofisini, safari hii anafunga safari yeye.

ELISANTE: Ila foleni hakupanga.

MWANAIDI: Wengi wao hawakupanga, kweli. Lakini walikwenda.

ELISANTE: Mimi naona siri ilikuwa ile mia tano. Mganga anayetaka ng'ombe wawili utamwita tapeli, na watu watakusikiliza. Mzee anayetaka mia tano, amevaa vilevile, amelala palepale, utamshtaki kwa lipi? Bei ndogo ilimkinga kuliko polisi waliokuwa wakipanga magari.

MWANAIDI: Wakati pesa zilikuwa barabarani! Nauli ilipanda kupita kiasi, maji ya chupa, ugali, mahali pa kulala, kila kitu juu. Babu alikuwa msafi, na usafi wake ukawafunika wafanyabiashara wote waliokaa nyuma yake.

ELISANTE: Na kanisa? Askofu Thomas Laizer, dayosisi ya Kaskazini Kati, alimuunga mkono hadharani. Sasa wewe ni mwinjilisti wa mtaa wa mbali, una mashaka yako. Utayapeleka wapi?

MWANAIDI: Utayameza. Na daktari wa wilaya naye vivyo hivyo. Maana kulikuwa na taarifa za watu kuacha ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, baada ya kunywa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko foleni.

ELISANTE: Hapo tuko pamoja. Ila usiwafanye wale watu wajinga. Mtu amehangaika na kisukari miaka, hospitali anaambiwa dawa zimeisha, kanunue nje. Halafu anasikia kuna mzee anampokea yeyote, Mkristo, Muislamu, Mkenya...

MWANAIDI: Waislamu tulikwenda sana tu, wala usinitazame hivyo.

ELISANTE: (anacheka) Sijasema kitu!

MWANAIDI: Siwaiti wajinga. Nawalaumu wenye mamlaka. Mgonjwa alikwenda kutafuta uzima, mkubwa alikwenda kutafuta uzima na kura. Uchaguzi ulikuwa umepita miezi michache tu, na hakuna aliyetaka kuonekana anapingana na Mungu wa wapiga kura wake.

ELISANTE: Mimi ningeweka zahanati ya muda kwenye foleni. Mpime presha, mpe dawa za siku tano, aendelee na safari yake kwa Babu.

MWANAIDI: Na nani angekubali kupimwa, akiwa njiani kwenda kupona?

ELISANTE: Wangekubali. Ukikaa siku tatu ndani ya gari, hata sindano inakuwa mazungumzo.

MWANAIDI: Mimi nakataa, wangesema tunawatia mashaka makusudi. Wasikilizaji mliokuwa kwenye ile foleni, tuandikieni: mngekubali?