Jiko la Kuchomea Nyama Huharibika Likiwa Limelala

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Jiko hili lililo pembeni yangu limewashwa kabla hamjaketi. Nimechomea vipande vichache vya nyama, nimeviondoa, kisha nikalifunika na moto wake. Tutalirudia.

Kwanza pokeeni wavu huu, mpitishiane. Ulitoka kwenye jiko lililotumika mara chache tu, kisha likaachwa nje miezi mitatu na mafuta na majivu yake yaleyale. Ukiushika, vidole vinatoka na rangi ya kahawia. Tazameni pale fito zinapokutana na fremu: chuma kimeliwa hadi kimebaki chembamba kama waya wa hanga. Mwenye jiko aliniletea akisema limeungua. Si kweli. Moto hauli chuma kwa kasi hiyo. Jiko huliwa siku ambazo halina moto, likiwa limesimama kimya pembeni na hakuna anayelikumbuka, na ninachotaka kuwaeleza leo ni nini hasa hutokea siku hizo.

Nianze na majivu, kwa sababu ndiyo hudharauliwa. Mtu huyaona mepesi, makavu, hayana harufu, akaona si kitu yakikaa hadi safari nyingine. Lakini majivu ya mkaa na kuni yana chumvi za potasiamu, na chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewani hata kama mvua haijanyesha. Umande wa usiku unatosha. Yakishalowa hutoa maji makali yanayoteleza vidoleni, maji yaleyale ambayo watu wa sehemu nyingi za dunia waliyatumia kutengenezea sabuni. Kwenye sehemu za aluminiamu, maji hayo hula moja kwa moja. Kwenye bati la chuma, rojo la majivu hukaa kama kitambaa kibichi kilichobandikwa: halikauki upesi, linashikilia maji na chumvi dhidi ya chuma, na kutu huanzia chini yake mahali usipopaona. Likikauka baadaye huganda kama lipu na kuziba matundu ya hewa.

Jiko langu la kwanza la mkaa liliishia hivyo. Nililiacha na majivu msimu mzima wa mvua. Siku niliyolihitaji nilishika masikio yake mawili, nikainua, kitako kikabaki chini pamoja na majivu. Lilikuwa jiko zuri, na hadi leo inaniuma kwamba dakika tano za kumwaga majivu zingeliokoa.

Basi yamwageni, ila si usiku uleule. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kuishi siku nzima na zaidi huku juu pakionekana pamekufa. Fungeni matundu ya hewa, funikeni jiko, liacheni huko nje lipoe kabisa. Mkizoa, tieni kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, mbali na ukuta wa nyumba. Msitie kwenye ndoo ya plastiki wala boksi. Na jiko lenye makaa lisiingizwe ndani kwa kuogopa mvua. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina harufu, na imeua watu waliolala.

Sasa mafuta. Mafuta yanayobaki kwenye wavu yana saa yake ya kutoka, na saa hiyo ni mara tu chakula kinapoondolewa, wavu ukiwa bado wa moto. Wakati huo ni laini. Yakipoa hushika, na yakipashwa moto tena na tena bila kukwanguliwa hujenga gaga gumu, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana nawaomba sana: chakula kikitoka, msikimbilie mezani wote. Mmoja abaki, afunike jiko dakika kumi au kumi na tano, mabaki yaungue yawe makavu, kisha asugue. Kazi ya dakika mbili wakati huo huwa kazi ya nusu saa wiki ijayo. Na katikati ya wiki hiyo mafuta yaliyoachwa yanachacha, yanaita sisimizi, mende na panya.

Nimesikia wengi wakisema weusi ule ndio unaoongeza ladha. Sikubaliani nao. Ladha ya kuchoma inatoka kwenye nyama yenyewe inapobadilika rangi, na kwenye moshi wa mafuta mapya yanayodondokea makaa. Masizi ya mwezi uliopita huleta uchungu tu, tena mafuta yake ndiyo huwaka ghafla na kurukia chakula.

Kuna weusi mmoja ninaoutetea, nao ni ule wa wavu wa chuma cha kusubu, kile kizito. Mafuta membamba yaliyopakwa na kuchomwa hujenga ngozi nyembamba inayong'aa, na ngozi hiyo huzuia kutu na kunata. Mtajuaje tofauti? Pitisheni ukucha wavu ukiwa baridi. Ukiteleza bila kutoa kitu, iacheni. Ukitoa vigamba, kwangueni. Vigamba vyeusi vinavyoning'inia ndani ya mfuniko watu hudhani ni rangi inabanduka. Mara nyingi ni masizi na mafuta yaliyoganda. Viondoeni kabla havijaangukia chakula.

Tunasugua kwa kitu gani? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Nimeshika unywele mmoja wa brashi ya waya. Walioko nyuma hawauoni, na hata walioko mbele wanauona kwa shida. Ukiuweka juu ya wavu mweusi unapotea kabisa, kisha unanata kwenye nyama. Mwaka 2012, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa taarifa ya watu sita waliotibiwa Providence, Rhode Island, kati ya Machi 2011 na Juni 2012, baada ya kumeza nyuzi kama hizi pamoja na chakula. Wengine zilichoma koo. Wengine zilitoboa utumbo wakahitaji upasuaji wa haraka. Mimi brashi ya waya niliacha. Ubao mgumu unafaa: ukishaupitisha mara kadhaa kwenye wavu wa moto, fito zenyewe huchonga mifereji yake. Karatasi ya aluminiamu iliyofinyangwa na kushikwa kwa koleo inafaa pia. Ukiwa huna ila brashi ya waya, ikianza kupukutika itupe, na kila mara futa wavu kwa kitambaa kibichi kabla chakula hakijagusa. Wavu wa enameli, ule uliopakwa ngozi ngumu kama kioo, usikwanguliwe kwa chuma, maana ngozi hiyo ikimeguka, kutu inaingilia pale.

Wenye majiko ya gesi hawana majivu, lakini wana trei ya mafuta chini, na trei iliyojaa inaweza kushika moto. Wana buibui pia. Buibui hupenda kutanda ndani ya mirija inayopeleka gesi. Gesi ikizuiwa hugeuka na kuwaka nyuma, pasipotakiwa. Jiko likikaa muda mrefu, chunguzeni mirija kabla ya kuwasha. Moto wa njano na mlegevu badala ya buluu ni dalili kwamba kuna kilichoziba.

Turubai la kufunikia liwekwe jiko likiwa baridi na kavu. Ukifunika jiko lenye unyevu, umeufungia ndani.

Haya, wakati wa jiko letu umefika. Sogeeni. Nafunua: mnaona mabaki yamegeuka meupe na makavu? Napitisha ubao mara tatu, sikilizeni yanavyoanguka. Sasa kitambaa kibichi, kimekunjwa, kimebanwa kwa koleo, mkono mbali na mvuke. Cha kwanza kimetoka cheusi. Cha pili kina kijivu kidogo tu. Kilichobaki ni mafuta, matone machache kwenye kitambaa kikavu, tupake wavu ungali na joto, kwa wembamba, maana yakizidi yatakuwa gundi. Koleo hili hapa. Nani anapaka?