Jeni za ribosomu: usiishie kwenye herufi, angalia na foleni

Haya jamani, tuendelee. Watu wakitaka kuonyesha kwamba kloroplasti (kile kisehemu cha kijani ndani ya seli ya mmea kinachotengeneza chakula kwa mwanga) asili yake ni bakteria, wanachukua protini moja ya ribosomu (mashine ya seli ya kutengeneza protini), tuseme L2 (hizi L na S zenye namba ni majina tu ya protini za ribosomu na jeni zake), wanailinganisha na ya bakteria, wanaona zimefanana, basi wamemaliza. Mi naona bado, maana L2 kila kiumbe anayo hadi sisi, na kazi yake ni ileile, kwa hiyo mtu anaweza kukubishia kwamba kazi ndo inafananisha.

Sasa angalia mpangilio, yaani foleni ya jeni kwenye DNA. Kwenye bakteria E. koli kuna sehemu jeni zimekaa hivi: L23, L2, S19, L22, S3, L16, L29, S17, L14, zinaendelea mbele huko. Nenda kwenye kloroplasti ya tumbaku, ile Wajapani waliyoisoma DNA yake yote mwaka 1986, unakuta L23, L2, S19, L22, S3, L16, L14. Foleni ileile! L29 na S17 tu ndo hazipo, zimehamia kwenye kiini cha seli, protini zake zinatengenezwa nje halafu zinaingizwa ndani. Na humohumo kwenye tumbaku, jeni za ribosomu zile nyingine za nje ya kloroplasti zimetapakaa kwenye kromosomu huku na huku, hazina foleni yoyote, kwa hiyo usiniambie ribosomu haifanyi kazi bila kupangwa vile. Huo ni urithi tu.

Na uhamaji haujaisha kwa wote siku moja, mfano njegere L22 imeshatoka kwenye kloroplasti ipo kwenye kiini, wakati tumbaku bado anayo palepale. Spinachi ndo kituko kabisa, L23 yake ya kloroplasti imekufa, inatumika ya ukoo wa ribosomu za nje ya kloroplasti, ambazo si za kibakteria, yaani ukijenga mti wa ukoo kwa L23 ya spinachi peke yake utapotea vibaya.

Mkienda kulinganisha wenyewe tumieni asidi amino, msitumie herufi za DNA, kwa sababu kloroplasti inapenda sana A na T kwenye herufi ya tatu ya kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja), itawavuruga. Na mahindi muwe makini: L2 yake kwenye DNA haianzi na ATG, alama ya kawaida ya kuanzia protini, inaanza na ACG, hiyo C inabadilishwa kuwa U (ndo T ya RNA) baadaye kwenye RNA, ile nakala ya jeni, iligunduliwa 1991, kwa hiyo programu inayotafuta ATG tu itakukatia mwanzo wa protini na wala haitakwambia.