Daftari la Mchicha

MPWA: Hamjambo wasikilizaji. Leo tunarekodi barazani kwa shangazi, Likoni, kwa hivyo mkisikia honi ya feri msishtuke. Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Fanya upesi, nina chungu motoni.

MPWA: Mada yetu ni pesa za korona, zile serikali zilizowapa wakulima. Nilitaka tuanze na—

SHANGAZI: Tuanze shambani kwangu. Tarehe 8 Aprili 2020 wakafunga Mombasa, Kwale na Kilifi, hakuna kuingia wala kutoka. Shamba liko Waa, wateja wangu hoteli za Shanzu, nazo milango imeshafungwa. Malori ya chakula yalipita kizuizini. Mimi na magunia yangu mawili ya mchicha kwenye tuktuk nikarudishwa.

MPWA: Mchicha ukaufanyaje?

SHANGAZI: Nikawagawia majirani. Siku ya tatu wakiniona nakuja wanaingia ndani! Uliobaki wakala mbuzi. Bamia ndiyo iliyoniuma: usipoichuma siku mbili, yakomaa, yawa kama kuni. Wapita kati ya mistari, waitazama tu.

MPWA: Halafu Mei 23 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7. Bilioni 3 za pembejeo, kwa vocha za simu, ziwalenge wakulima wadogo 200,000. Bilioni 1.5 nyingine wasaidiwe wakuzaji wa maua na mboga kufikia masoko ya nje.

SHANGAZI: Mtu kaozewa na mavuno, wampa mbolea apande mengine. Amuuzie nani?

MPWA: Lakini kuna waliokuwa hawana hata senti ya mbegu.

SHANGAZI: Sikatai. Hao iliwafaa. Mimi mbegu nilikuwa nazo, nililokosa ni mnunuzi.

MPWA: Marekani walifidia hasara yenyewe. Aprili hiyo hiyo wakatangaza dola bilioni 16 za kulipwa wakulima moja kwa moja. Ila awamu ya kwanza waliangalia bei za mazao zimeshuka kiasi gani nchini kote. Mkulima mdogo anayeuza sokoni kwao kwa bei yake, au kwa mikahawa iliyofungwa, hesabu hiyo haikumwona vizuri.

SHANGAZI: Kumbe hata huko.

MPWA: Awamu ya pili, Septemba, wakabadilisha. Wa mboga na matunda akaangaliwa mauzo yake ya 2019. Ukiwa uliuza chini ya dola 50,000, ulipata asilimia 10.6 ya mauzo hayo. Aliyeuza za dola 40,000 alipata 4,240.

SHANGAZI: Hapo sasa! Hiyo ningeielewa. Ngoja. *(sauti ya mfuniko wa kopo)* Daftari hili hapa. Kila gunia lililoingia hotelini 2019 limeandikwa, na storkipa katia sahihi.

MPWA: Limelowa mafuta ya nazi, shangazi.

SHANGAZI: Yasomeka. Mwenzangu wa shamba la pili alikuwa akiuza kwa mdomo tu, mali yake yote i kichwani. Angeleta kichwa?

MPWA: Hilo ndilo lanitatiza mimi. Malipo ya namna ile yamfaa mwenye daftari.

SHANGAZI: Basi vocha kwa asiye na mbegu, na fidia kwa aliyeozewa. Na afisa wa kilimo aje mapema kuona bamia ingali mtini, asingoje makaratasi.

MPWA: Na ukurasa huu wa nyuma je? Naona jina langu.

SHANGAZI: Kilo tatu za bamia, Disemba. Hujalipa.