Kutoa upepo kwenye breki kabla ya autokrosi

Karibuni gereji, wadau. Najua mnataka turbo na ekzosi. Leo ni breki. Autokrosi zetu hapa Kenya, mbio za gari kushindana na saa kwenye njia yenye koni, ni vumbi na kona juu ya kona, breki hazipati nafasi ya kupoa. Oili ya breki hunyonya unyevu. Ile ya daraja la DOT 4, ikiwa mpya, huvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishalewa maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. Ikichemka unakanyaga mvuke, pedali inazama, na koni unazibeba zote.

Jeki, stendi, matairi nje. Hayo mnayajua. Nyonya oili chafu kwenye kikopo cha oili ya breki kwa bomba la sindano, jaza mpya. Ikimwagikia rangi ya bodi, osha kwa maji saa hiyo hiyo, inababua.

Gurudumu lipi lianze? Fuata kitabu cha gari lako. Hii Impreza tunaanza mbele kulia. Tumia spana ringi, ile ya mdomo inakula kona za nipo, skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye breki ya kila gurudumu. Ivishe nipo mpira mwembamba, mwisho wake uzame kwenye oili ndani ya chupa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Msaidizi anakanyaga pedali, anashikilia. Unafungua nipo robo mzunguko. Pedali inazama. UNAFUNGA. Ndipo aachie. Funga kwanza, mguu baadaye! Dogo, umesikia?

"Nimesikia, mjomba."

Kanyaga. Shika... nafungua... we! We! Kamera sogea hapa, mnaona mapovu? Ameachia kabla sijafunga, hewa imerudi ndani. Tunarudia gurudumu hili. Funga kwanza, mguu baadaye. Mnaofanya peke yenu, ninazo chupa zenye vali ya kuzuia hewa kurudi. Dogo, usinune, bado una kazi.

Sawa. Inatoka safi, haina povu. Chungulia kikopo mara kwa mara, kisishuke chini ya alama ya MIN. Hewa ikiingia kwenye pampu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki, huenda ukahitaji mashine ya kompyuta kuitoa, na hiyo ni pesa.

Mengine matatu ni vivyo hivyo, nakata video.

Pedali sasa ni ngumu. Washa injini: ikishuka kidogo ni busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inafanya kazi, ikizama polepole hadi chini, usitoke getini. Mwisho, rudisha vifuniko vya nipo, vumbi lisizibe tundu. Kimoja, viwili, vitatu... Dogo, angalia chini ya jeki.