Ya Chini Imeshuka, Unashangilia Nini?

Presha sitaieleza, nyote mmeshapimwa. Ugomvi wangu ni na namba ya chini, ile ya moyo ukipumzika, na walionisikia mwaka jana wanajua ningeurudia tu.

Kuna shangazi mmoja mtaani kwetu, miaka 68. Hana sukari, hajawahi kuvuta sigara, sokoni anakwenda kwa miguu. Alinijia na daftari lake la kliniki: 164 kwa 66. Anacheka. "Mwanangu, ya juu imechachamaa, lakini ya chini bado ya msichana!" Nikamwambia, shangazi, hiyo ya msichana ndiyo inayonitia wasiwasi. Akanuna. Ikabidi nitafute manati.

Mpira wa manati ukiwa mpya, ukiuvuta unarudi wenyewe. Aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni, ujanani ni hivyohivyo. Moyo ukisukuma, mshipa unatanuka na kuweka akiba ya damu. Moyo ukipumzika, mshipa unajirudi na kuisukuma akiba ile mbele. Namba ya chini inashikiliwa hapo. Lakini nyuzi za elastini, zinazoupa mvutiko huo, hutengenezwa zaidi tukiwa tumboni na utotoni, nao moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Miaka 60 ni mapigo zaidi ya bilioni 2! Nyuzi zinakatika, mzigo unahamia kwenye kolajeni, nyuzi nyingine za mshipa, ambazo ni ngumu. Hakuna akiba tena: ya juu inapaa, ya chini inaporomoka. Ndiyo maana ya chini hupanda mpaka miaka 50 na kitu, halafu huanza kushuka. Na misuli ya moyo wenyewe hupata damu hasa wakati wa mapumziko. Sasa unashangilia nini?

Mzee pale nyuma anatikisa kichwa: "Si uzee tu huo?" Ni uzee, ndiyo, hata kwa mtu mwenye afya tele. Mvi nazo ni uzee, ila mvi hazijampooza mtu upande mmoja.

Wala usiupapase mshipa wa mkono ukajipa moyo. Huo haugangamai kama aota. Kipimo chenyewe cha ugumu ni kasi ya wimbi la pigo la moyo kutoka shingoni hadi kinenani, maana mshipa mgumu hulikimbiza: kijana mita 5 au 6 kwa sekunde, na wataalamu wa Ulaya wameweka mpaka wa hatari kwenye 10.

Wanawake... naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kila mara muda huniishia kwenu, mama zangu, na si haki. Kwa haraka: kabla ya balehe mishipa ya wasichana ni migumu kidogo kuliko ya wavulana, baadaye mambo yanageuka, mwanamke ana nafuu. Hedhi ikikoma, ugumu unaongezeka kwa kasi. Tena mwili mfupi, aota fupi, wimbi linarudi moyoni mapema, moyo ukiwa bado unasukuma. Kwa hiyo "wanawake hawana shida ya moyo" ni maneno ya umri wa miaka 35, usiyabebe mpaka 60.

Shangazi? Anameza dawa, kanisamehe. Manati alimpa mjukuu wake, na wiki iliyopita kioo cha dirisha langu kimekwenda.