Hong Kong Maana Yake Nini? Haya, Leo Nawajibu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Leo sijatoka, nimekaa tu hapa chumbani, maana kila video swali ni lile lile: "Dada, hilo jina Hong Kong maana yake nini?" Najua nikijibu watatokea wa kusema naringa, najifanya Mkantoni. Mimi Kikantoni changu, lugha ya hapa Hong Kong ninapoishi, ni cha sokoni na cha kumwambia dereva anishushe. Lakini jina hili nimelifuatilia kwa sababu limenigusa.

Wenyewe hutamka Heung Gong. Gong ni bandari. Heung ni harufu nzuri. Manukato wanaita heung seui, yaani maji ya harufu, na vijiti vya kufukiza hekaluni navyo ni heung. Kwa hiyo ni Bandari ya Harufu Nzuri. Harufu ya nini? Maelezo yanayosikika zaidi ni udi. Udi huu huu, jamani, wa kwenye chetezo cha mama zetu! Zamani miti yake ilipandwa pande za Sha Tin na kisiwa cha Lantau. Mzigo ulikusanywa ufukweni Tsim Sha Tsui, ukavushwa kwa mashua hadi Shek Pai Wan kusini mwa kisiwa cha Hong Kong, kisha ukapelekwa mji wa Guangzhou, China bara. Mwaka 1662, enzi ya Mfalme Kangxi wa China, watu wa pwani walihamishwa kwa nguvu na biashara ile ikavunjika. Jina likabaki kwenye kijiji kidogo upande ule ule, na Waingereza walipotwaa kisiwa mwaka 1841 wakakiita chote hivyo.

Wapo wanaosema harufu ni ya maji matamu ya kijito walichoteka mabaharia. Mimi nabaki na udi.

Sasa jina zuri hivyo, lakini limeniliza. Nilimtumia mama pesa ya dawa, benki ya nyumbani ikairudisha: kwenye sehemu ya nchi ninayotuma niliandika Hong Kong, mfumo wao unataka China. Siku kumi na moja! Makato nimelipa mara mbili. Na benki ya huku nilipo inanidai uthibitisho wa makazi, wakati bili ya umeme ina jina la mwenye nyumba. Nitautoa wapi? Msiseme nalalamika. Riziki ninaipata, namshukuru Mungu, ila mama alikaa siku zote hizo bila dawa na bado inaniuma.

Mimi kilichonisaidia ni kuandika anwani neno kwa neno kama ilivyo kwenye mkataba wa pango. Hayo ni yangu. Wewe uliza benki yako kwanza, usije ukanilaumu.

Na aliyeuliza kama Aberdeen ya leo ndiko udi ulikopitia: ndiyo, ni huko huko Shek Pai Wan. Wakantoni wanapaita Heung Gong Tsai, Hong Kong Mdogo. Jumapili nikipata mapumziko nitawapeleka mpaone.